Molière, Martine na kibao cha shingoni

Nilipokuwa na miaka tisa, katika shule moja ya hapa Lubumbashi, nilivaa kibao shingoni kuanzia mapumziko mpaka kengele ya mwisho. Tulikiita symbole: kipande cha mti chenye kitobo, kamba ikipita katikati. Mtoto aliyeteleza akasema neno la Kiswahili uwanjani alivishwa, akatembea nacho hadi amnase mwenzake akiteleza, naye ampitishie. Mimi nilikuwa nimemwambia rafiki yangu anipatie mayi. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wote, akaniangalia kwa huzuni zaidi kuliko hasira, akasema: hapa tunasema lugha ya Molière. Alimaanisha Kifaransa.

Sikumjua Molière. Nilimwazia kama mkaguzi fulani mwenye miwani, aliyekaa ofisini mbali akisikiliza watoto wote wa Katanga wanavyoomba maji.

Leo nafundisha Kifaransa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, madarasa ya humanite, yaani ya sekondari. Kila mwaka tunapofika kwenye L'Avare, ile tamthilia ya bahili aliyoiandika Molière, Mfaransa wa karne ya 17, wanafunzi hufunga kitabu na kuanza kuniuliza habari za mtu mwenyewe. Maswali yao hayafanani na ya Exetat, mtihani wa taifa. Wanauliza yale ambayo mtu huuliza juu ya mgeni aliyehamia mtaani: jina lake nani hasa, ameoa wapi, pesa anatoa wapi, na je, ni kweli alikufa vile wanavyosema? Nimeyajibu mara nyingi mpaka yamenibadilisha mimi, ndiyo maana nayaandika.

Swali la jina hutangulia daima. "Musyu, Molière njo jina yake ya kweli?" Hapana. Alibatizwa Jean-Baptiste Poquelin, tarehe 15 Januari 1622, katika kanisa la Saint-Eustache mjini Paris. Baba yake alikuwa fundi wa mapazia, vitanda na viti vya vitambaa, fundi mkubwa kiasi kwamba alishika cheo cha kutandika chumba cha mfalme, na kijana alitazamiwa kurithi cheo hicho. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka kumi. Mwaka 1643, akiwa na miaka ishirini na moja, kijana aliacha urithi akaweka sahihi mkataba wa kuanzisha kundi la waigizaji pamoja na Madeleine Béjart na wenzao. Mwaka uliofuata, kwenye karatasi ya kuajiri mcheza ngoma, jina jipya likaonekana kwa mara ya kwanza: Molière.

Kwa nini hilo na si lingine? Grimarest, aliyeandika maisha yake mwaka 1705, anasema Molière hakukubali kamwe kutoa sababu, hata kwa marafiki zake wa karibu. Waigizaji wa wakati ule walikuwa na desturi ya kujipa majina ya jukwaani, na wengi husema alitaka kuukinga ukoo wake na aibu, kwa sababu kazi ya kuigiza ilidharauliwa na kanisa liliwatenga waigizaji. Inawezekana. Lakini ninapowaambia wanafunzi kwamba mtu huyu alibeba siri ya jina lake mpaka kaburini, hakuna anayeshangaa. Wao wenyewe wana jina, jina la pili na jina la ubatizo, na lile la nne la mtaani ambalo mama halijui. Babu zao waliishi mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku na kila mtu akatakiwa kutafuta jina la mababu. Mji wenyewe uliitwa Élisabethville hadi 1966. Sisi tunajua kwamba jina linaweza kuvuliwa kama shati, na kwamba mengine mtu huyavaa ili aweze kupumua.

Tena tulikuwa na Mufwankolo, mwigizaji wetu. Kyembe Kaswili Odilon ni jina la kwenye karatasi. Ukisema Mufwankolo, wazee wa mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo wanaanza kucheka kabla hujamaliza. Kundi lake liliigiza redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha hapa hapa, kile tulichovalishwa kibao kwa ajili yake. Hawakukariri maandishi. Walipatana juu ya hadithi, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akajaza maneno yake. Mwaka 1986 walitengeneza igizo zima kutokana na usemi mmoja, kwamba madaraka huliwa mazima, na mtaalamu wa mila Johannes Fabian aliyekuwa hapa mjini aliliandikia kitabu.

Nalisema hili kwa sababu Molière naye alijifunza hivyo. Aliporudi Paris mwaka 1658, jumba alilopewa alilitumia kwa zamu na kundi la Waitaliano lililoongozwa na mtu aliyejulikana kwa jina la Scaramouche. Waitaliano hao nao hawakuwa na maandishi ya kukariri, walikuwa na muhtasari tu, na mwili, na sauti. Watu walisema Molière alimtazama Scaramouche kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake. Ninapomweleza mwanafunzi wa Katuba jambo hilo, simpeleki Ufaransa. Namrudisha sebuleni kwa babu yake, mbele ya televisheni.

Alikuwa tajiri? Mwishoni aliishi vizuri. Mwanzoni alifungwa. Kundi lake la kwanza lilikosa watazamaji, madeni yakapanda, na mwezi Agosti 1645 akatiwa gerezani Châtelet. Mmoja wa wadai wake alikuwa muuza mishumaa. Nikifika hapo darasa hunyamaza, maana hawa ni watoto wanaosoma kwa mshumaa au kwa mwanga wa simu usiku umeme unapokatika, na wanajua mshumaa una bei. Jumba la maonyesho la zamani lilimulikwa kwa mishumaa mamia, na usipoilipa hakuna mchezo. Baada ya kutoka alikimbilia mikoani, akazunguka na kundi miaka kama kumi na mitatu, Lyon, Languedoc, mji kwa mji. Huko ndiko alikosikia jinsi watu wanavyosema. Hilo nalitunza, nitalirudia.

Swali la mke huulizwa na mtu wa nyuma, kwa sauti ya chini: ni kweli alioa binti yake? Mwezi Februari 1662 alimwoa Armande Béjart. Yeye alikuwa na miaka arobaini, bibi harusi kama ishirini. Mkataba wa ndoa unamtaja Armande kuwa mdogo wa Madeleine, yule Madeleine wa siku za kwanza ambaye inajulikana alikuwa mpenzi wa Molière. Wambea walisema si mdogo wake, ni mwanawe. Mwaka 1663 mwigizaji wa kundi pinzani, Montfleury, alipeleka shutuma hiyo kwa mfalme. Louis wa 14 hakujibu kwa maneno: mwaka uliofuata alikubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Mimi nasimama na hati. Na nawaambia wanafunzi wangu waangalie nani alileta habari hizo na alikuwa anagombea nini naye.

Na lile la kwamba vitabu aliandikiwa na Corneille, mwandishi mwingine wa tamthilia wa siku zile? Wazo hilo lilitolewa na Pierre Louÿs mwaka 1919, karibu miaka 250 baada ya mazishi. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Ufaransa, Florian Cafiero na Jean-Baptiste Camps, walipima kwa kompyuta msamiati, mashairi na vineno vidogo vidogo ambavyo mwandishi huviweka bila kujua, na kazi za Molière zikajitenga wazi na za Corneille. Inatosha.

Kifo ndicho kinachochukua kipindi kizima.

Hakufia jukwaani, ingawa ilikaribia sana. Tarehe 17 Februari 1673 kundi lilikuwa linaonyesha kwa mara ya nne Le Malade imaginaire, habari za Argan, mzima anayejidhania mgonjwa na kuliwa pesa na madaktari. Argan alichezwa na Molière mwenyewe, ambaye mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Mchana ule mke wake na Baron, mwigizaji kijana wa kundi, walimsihi asicheze. Grimarest anasimulia alivyojibu: kuna wafanyakazi maskini hamsini wanaoishi kwa mshahara wa siku moja tu, watafanya nini tusipocheza? Mjini kwetu, ambako baba wengi wanaamka bila kujua kama leo kutakuwa na kazi kwenye lori au kwenye machimbo, sijapata kuona darasa linalohitaji nifafanue jibu hilo.

Katika sherehe ya mwisho ya mchezo, Argan anaapishwa kuwa daktari kwa Kilatini cha uongo, anaitikia "Juro", naapa. Kwenye neno hilo mwili ulimtetemeka. Aliufunika ule mtetemeko kwa kicheko cha kulazimisha, akamaliza, akabebwa hadi nyumbani kwake mtaa wa Richelieu, akafa usiku ule kwa kutapika damu. Alikuwa na miaka 51. Madeleine alikuwa amefariki tarehe hiyo hiyo, mwaka mmoja kabla.

Waliitwa mapadri. Wawili walikataa kuja, wa tatu alichelewa. Na kwa kuwa alikufa bila kuikana kazi yake mbele ya padri, mwigizaji hakustahili ardhi ya kanisa. Armande alimwandikia askofu mkuu, akaenda kwa mfalme. Ruhusa ilitoka kwa masharti: usiku, bila misa. Wasichana wangu hushika vichwa. Hapa Lubumbashi kilio ni siku nyingi, viti vya kukodi barabarani, nyimbo, watu wa ukoo mzima. Kumzika mtu gizani bila misa ni kama kumtupa. Ndipo ninapowapa jambo moja ninalolipenda kupita yote katika habari zake. Tarehe 21 Februari, usiku, mapadri wanne walibeba jeneza lake kwa mwanga wa mienge, na jeneza lilifunikwa kwa kitambaa cha chama cha mafundi wa mapazia. Kazi ya baba yake. Yule kijana aliyeacha cheo na jina, ufundi wa ukoo wake ndio ulimfunika.

Kuhusu wahusika, hatuendi sawa. Kuna ambao wanafunzi wanawatambua siku ya kwanza. Tartuffe, mtu wa sala nyingi anayeingia nyumba ya watu na kuanza kula nyama, kutamani mke na kurithishwa mali: sisemi kitu, darasa zima linanong'ona kuhusu wachungaji. Naongeza tu kwamba tamthilia hiyo ilionyeshwa Versailles mwezi Mei 1664, ikakatazwa, na mwandishi alipigania ruhusa miaka karibu mitano hadi Februari 1669. Alceste, mtu asiyekubali uongo hata wa adabu, hawampendi. Wanasema hana heshima. Nadhani wana haki kidogo.

Harpagon alitusumbua kwa sababu ambayo hakuna kitabu cha kiada kilichonionya. Bahili huyu anataka kumwoza binti yake Élise kwa mzee Anselme, na kila anayempinga anamjibu kwa maneno mawili: bila dot, yaani bila mahari! Mwaka wangu wa kwanza kufundisha, darasa lilibaki limekodoa macho. Mvulana mmoja akasimama. "Musyu, huyu baba anakatala dot? Bahili gani anakatala makuta?" Nilichukua muda kuelewa tatizo liko wapi. Kwetu dot hutoka kwa mwanaume kwenda kwa baba wa msichana, na sheria ya familia ya Kongo inaitambua. Ufaransa ya karne ya 17 ilikuwa kinyume: baba ndiye alitoa mali kumfuata binti. Kwa hiyo Anselme anayemchukua Élise "bila dot" anamwokolea Harpagon fedha. Neno ni lile lile, tumelirithi kwao, lakini limegeuka njia. Nilipochora mishale miwili ubaoni, kicheko kilikuja, kikiwa kimechelewa miaka mia tatu na zaidi na bado kina nguvu.

Maître Jacques hahitaji mshale. Ni mpishi wa Harpagon na pia mwendesha gari lake la farasi, na kabla ya kujibu anauliza bwana anasema na nani, mpishi au dereva, kisha anabadilisha koti. "Ni sentinele ya jirani yetu," aliniambia binti mmoja. Analinda usiku, asubuhi anaosha gari, mchana anamwagilia bustani, na mshahara ni mmoja.

Kinachonigusa mimi katika L'Avare ni kikohozi. Molière alicheza Harpagon akiwa tayari anakohoa, basi akamfanya Frosine, mshenga, amsifu mzee huyo kwamba anakohoa kwa madaha. Shemeji yake Louis Béjart alichechemea, naye La Flèche, mtumishi aliyechezwa na Béjart, anaitwa kiguru ndani ya mchezo. Hakuficha miili ya watu wake. Aliiandikia mahali.

Sasa nirudi kwenye kibao changu.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo, nikijiandaa kwa masomo, niliposoma kwa makini Les Femmes savantes, ya mwaka 1672, mwaka mmoja kabla hajafa. Katika sehemu ya pili, Martine, mpishi, anafukuzwa kazi. Bwana wa nyumba, Chrysale, anauliza: amevunja kioo? Ameiba sahani? Hapana, anajibu mkewe Philaminte, ni vibaya zaidi. Amekosea sarufi. Baada ya masomo thelathini bado anatumia neno ambalo Vaugelas, mtaalamu wa lugha wa siku zile, amelikataza. Martine anajitetea kwa Kifaransa cha jikoni, vitenzi vyake vimekaa upande, kanusho zimerundikana, lakini anachosema ni hiki: ukieleweka, umesema vizuri, na mimi nasema kama wanavyosema kwetu. Na Chrysale, mtu mwoga ambaye mara hii amepata ulimi, anasema anaishi kwa supu nzuri, haishi kwa maneno mazuri.

Nilisimama na kitabu mkononi. Huyu ndiye ambaye kwa jina lake nilivishwa mti shingoni. Ndiye aliyemleta mpishi jukwaani, kwa mdomo wake halisi, akampa sentensi yenye akili kuliko zote za nyumba ile. Nikaanza kutafuta. Katika Dom Juan, ya 1665, wakulima wanasema kikwao toka mwanzo wa sehemu ya pili. Katika Monsieur de Pourceaugnac, ya 1669, mwanamke mmoja anasema lugha ya kusini, Languedoc, na mwingine Kipikadi cha kaskazini. Katika Le Bourgeois gentilhomme, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua zamani kwa jina la Mchuuzi Mwungwana, Bwana Jourdain anafundishwa jinsi ya kufungua mdomo ili aseme O, akiwa ameisema O maisha yake yote. Aliyekuwa amezunguka mikoani miaka kumi na mitatu hakusahau masikio yake huko. Lugha ya Molière ilikuwa na wapishi ndani yake, na wakulima, na watu wa kusini.

Sitamfanya malaika. Wasichana wa darasa langu walinishtaki, kwa haki, kwamba tamthilia ile ile inawacheka wanawake kwa kutaka kusoma falsafa na nyota. Mmoja anataka kusomea udaktari Unilu, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, na hakucheka hata mara moja. Nilimwambia kwamba hapo mimi niko upande wake, na kwamba mtu anaweza kumpenda mwandishi na kubishana naye mezani.

Na Kifaransa nakifundisha kwa bidii, pamoja na ukali wa makanusho yake, kwa sababu ndicho kitakachowafungulia mlango wa chuo na wa kazi. Lakini kibao sina. Anayeomba maji katika darasa langu anapewa maji.

Mwaka huu tunaigiza ile sehemu ya Martine. Niliwaambia watengeneze kwa mtindo wa kundi la Mufwankolo: soma, elewa, funga kitabu, jaza maneno. Philaminte na wifi yake Bélise wanabaki kwenye Kifaransa chao cha juu. Martine anasema kama mama anayeuza bitoyo, samaki wa chumvi, sokoni. Supu ya Chrysale imekuwa bukari, ugali wetu. Nilipowasimulia habari ya symbole, mvulana anayetutengenezea mbao za mapambo ya jukwaa alirudi kesho yake na kibao alichokichonga, akapendekeza Martine aingie nacho shingoni. Nilikishika muda mrefu. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokumbuka.

Juzi tulifanya mazoezi hadi giza likaingia. Binti anayecheza Martine alijifunga kitenge kiunoni, mwiko mkononi, kibao kikining'inia. Ilibaki ile sentensi ambayo nilidhani haitavuka: Bélise anamgombeza kwamba anaitukana grammaire, na mpishi wa Molière anasikia grand-mère, bibi, ambaye kwa Kiswahili chetu ni kambo. Nilikuwa nimehangaika nayo wiki nzima na neno "sarufi", lisiingie popote. Sikuwaambia kitu. Bélise akainua kidole, akasema Kifaransa kilichonyooka: utaitukana grammaire maisha yako yote? Binti yangu wa Katuba akaukunja uso, akaweka mwiko chini, akavua kibao akakilaza kando ya sufuria.

"Grand-mère? Miye? Sikumutukana kambo ya mutu hata moya!"